Fidia ya Ulemavu wa Jeshini Marekani: Namna ya Kusoma Barua ya Kukataliwa na Kukata Rufaa

Mwongozo huu ni wa mtu aliyelitumikia jeshi la Marekani, akaomba fidia ya ulemavu kwa Wizara ya Wanajeshi wa Zamani, ambayo wote huiita VA, na sasa ana barua inayosema amekataliwa au amepewa asilimia ndogo. Wapo Wakenya, Watanzania, Wakongo na Waganda waliojiunga wakiwa na kadi ya kijani tu, na kwao neno la kwanza ni hili: fidia haiangalii uraia. Huangalia kama ulitumikia, uliachishwa kwa namna gani, na kama maradhi uliyonayo yana mizizi jeshini. Aliyerudi kuishi Mombasa au Arusha haipotezi kwa sababu ya kuhama.

Rufaa nyingi huharibika mapema kabisa, pale mtu anapochagua njia ya rufaa kabla hajajua alikataliwa kwa nini. Ndiyo maana hapa fomu za rufaa zinakuja mwishoni.

Hatua ya 1: Andika tarehe ya barua mahali utakapoiona

Hesabu mwaka mmoja kutoka tarehe iliyochapwa juu ya barua, si kutoka siku uliyofungua bahasha. Sheria ya mageuzi ya rufaa iliyotiwa saini Agosti 2017 ilianza kutumika tarehe 19 Februari 2019, na tangu hapo njia ni tatu: Dai la Nyongeza, Mapitio ya Ngazi ya Juu, na Rufaa kwa Bodi. Ukichukua mojawapo ndani ya mwaka huo, tarehe ya dai lako la kwanza hubaki hai, na ukishinda malimbikizo huhesabiwa kuanzia huko nyuma. Mwaka ukipita, njia mbili za mwisho hufungwa. Dai la Nyongeza halifungwi, lakini malipo yake kwa kawaida yataanzia siku ulipolileta.

Uzito wake ni huu. Kwa viwango vilivyoanza Desemba 2024, mwenye asilimia 70 asiye na mtegemezi alipata dola 1,759.19 kwa mwezi. Aliyesubiri jibu miaka mitatu kisha akachelewa siku moja kukata rufaa anaweza kushinda baadaye bila kuiona hata senti ya miaka hiyo mitatu. Hoja nzuri hairudishi tarehe iliyopotea, isipokuwa uthibitishe kosa la wazi lisilopingika katika uamuzi wa zamani, na huo ni mlima ambao wachache huupanda.

Kama dai lako linashindaniwa na mtu mwingine, kwa mfano wake wawili wanaodai pensheni ya marehemu mmoja, muda ni siku 60 tu.

Hatua ya 2: Tafuta figa lililokosekana

Dai la fidia hukaa juu ya mafiga matatu. La kwanza ni ugonjwa au jeraha ulilonalo sasa, lililothibitishwa na tabibu. La pili ni tukio, jeraha au maradhi wakati wa utumishi. La tatu ni kiungo kati ya hayo mawili. Likikosekana moja, chungu hakikai, hata kama mengine mawili ni imara kiasi gani.

Sheria inailazimisha VA kukuandikia ni lipi lilikosekana. Barua kamili ina masuala yaliyoamuliwa, muhtasari wa ushahidi uliosomwa, sheria zilizotumika, mambo yaliyokubaliwa kwa faida yako, na kile ambacho hukukithibitisha. Kama umepewa asilimia, lazima iseme pia ni nini kingehitajika ili upate daraja linalofuata. Mara nyingi maelezo haya hayako katika kurasa za kwanza zenye maneno ya adabu. Yako katika waraka ulioambatishwa nyuma, ambao wengi hawaufikii.

Sehemu ya kupigia mstari ni ile yenye kichwa "Favorable Findings". Humo VA inaandika ilichokikubali: kwamba una ugonjwa fulani, kwamba ulikuwa mahali fulani, kwamba jeraha lilitokea. Likishaandikwa humo, linawafunga waamuzi wote watakaofuata, na halipinduliwi mpaka uwepo ushahidi ulio wazi na wenye kushawishi dhidi yake. Kwa hiyo usilipiganie tena. Mtu ambaye VA imeshakubali kuwa alianguka mazoezini anayekuja na barua tano za kuthibitisha anguko hilo, huku daktari wake hajasema neno juu ya kiungo, atakataliwa mara ya pili kwa sababu ileile.

Hatua ya 3: Agiza jalada lako lote

Tumia Fomu 20-10206 na uombe jalada zima la madai, pamoja na ripoti ya uchunguzi wa fidia, yaani uchunguzi wa kitabibu ulioagizwa na VA. Unaitaka hasa hiyo ripoti, kwa sababu barua ya uamuzi huinukuu sentensi moja tu, na makosa yanayoshinda rufaa hukaa katika sentensi ambazo hazikunukuliwa. Jalada huweza kuchukua miezi, basi usisubiri lifike ndipo uanze kuhesabu mwaka wako.

Ukiipata ripoti, isome ukiwa na maswali haya. Je, mchunguzi ametoa sababu, au hitimisho tupu? Je, amesema hakuna kiungo kwa sababu tu kumbukumbu za jeshi ziko kimya? Je, ameandika kwamba hawezi kusema bila kubahatisha, asieleze kwa nini hawezi? Mahakama ilikataa jibu la namna hiyo lisilo na maelezo katika shauri la Jones dhidi ya Shinseki, 2010. Na kama unadai kwamba ugonjwa mmoja umezaa mwingine, mathalani goti lililoharibu nyonga, je, amejibu maswali yote mawili: kama goti ndilo lililosababisha, na kama goti limeuzidisha ugonjwa wa nyonga uliokuwapo? Wachunguzi wengi hujibu la kwanza na kuliruka la pili. Pengo hilo peke yake linatosha kurudisha jalada.

Kwa viungo vya mwili, angalia kama aliuliza juu ya siku ambazo maumivu hupanda. Goti linalokunjika vizuri saa nne asubuhi kliniki linaweza kukataa kabisa baada ya ngazi mbili. Tangu shauri la Sharp dhidi ya Shulkin la 2017, mchunguzi anatakiwa akadirie upungufu wa siku hizo kutokana na maelezo yako, hata kama siku ya uchunguzi goti lilikuwa tulivu.

Kwa masikio, kuna namba. VA huhesabu kuwa una upotevu wa kusikia iwapo kipimo kimoja kati ya hezi 500, 1000, 2000, 3000 na 4000 kimefika desibeli 40, au vitatu vimefika 26, au alama ya kutambua maneno iko chini ya asilimia 94. Usipofika hapo, figa la kwanza halipo, na barua ya rafiki aliyesikia mizinga nawe haitasaidia. Lakini kama umefika sasa, na sababu ya kukataliwa ni kwamba ulisikia vizuri siku ya kuacha jeshi, hiyo si sababu ya kutosha peke yake. Mahakama ilisema hivyo mwaka 1993 katika Hensley dhidi ya Brown. Mlio wa masikioni ni jambo jingine: hauna kipimo cha mashine, wewe mwenyewe ndiye shahidi, na kiwango chake cha juu ni asilimia 10, liwe sikio moja au yote mawili.

Ukipewa asilimia ndogo, fanya hesabu kwanza

Asilimia za VA hazijumlishwi kama nauli. Hesabu huanza na mtu mzima, 100. Ulemavu wa asilimia 50 unamwacha na 50. Wa pili wa asilimia 20 huchukua 20 ya hiyo 50 iliyobaki, yaani 10, jumla 60. Wa tatu wa asilimia 10 huchukua 4 kati ya 40, jumla 64. Kisha hukatwa kwenda kumi ya karibu: 64 inakuwa 60, na 65 ingekuwa 70.

Sasa ona. Mwenye 50, 20 na 10 akifanikiwa kuipandisha ile ya mwisho kutoka 10 hadi 20, anafika 68, inayokuwa 70. Kwa viwango nilivyotaja hapo juu ilikuwa kutoka dola 1,395.93 hadi 1,759.19 kwa mwezi. Mwenye 90 anayepigania 10 mpya anafika 91, ambayo hukatwa kurudi 90. Hakuna ubaya kuikatia rufaa, ila mtu ajue mapema kwamba mwezi ujao akaunti itakuwa ileile. Kwa huyo wa pili pengine swali la maana zaidi ni kama bado anaweza kufanya kazi ya kudumu. Mwenye ulemavu mmoja wa asilimia 60, au jumla ya 70 yenye mmoja usiopungua 40, anaweza kuomba kwa Fomu 21-8940 alipwe kwa kiwango cha asilimia 100 kwa sababu ya kushindwa kuajirika.

Hatua ya 4: Soma jinsi Bodi ilivyoamua kwa wengine

Bodi ya Rufaa za Wanajeshi wa Zamani, iliyoko Washington, huchapisha maamuzi yake mtandaoni yakiwa yameondolewa majina, na yaliyopo yanaanzia mwaka 1992. Hii ni shule ya bure, na ajabu ni wachache wanaoiingia. Tafuta kwa jina la Kiingereza la ugonjwa wako, pamoja na neno "granted", yaani limekubaliwa, au "remanded", yaani limerudishwa.

Kila uamuzi una umbo lilelile. Juu kuna namba na tarehe. Namba inayoanza na herufi A ni ya mfumo mpya wa 2019. Chini yake kuna amri, yenye kichwa "ORDER", inayosema suala gani limekubaliwa, limekataliwa au limerudishwa. Zinafuata hoja za ukweli, hitimisho la sheria, kisha sehemu ndefu ya sababu. Wengi husoma amri na kufunga. Wewe anza na hoja za ukweli, halafu rukia sababu, utafute mahali hakimu anapopima maoni mawili ya madaktari yanayogongana. Hapo ndipo rufaa zinaposhinda au kuanguka.

Baada ya kusoma kama kumi za ugonjwa uleule utaanza kuona mambo yakijirudia. Daktari anayeandika kwamba ugonjwa "unaweza" kuwa umetokana na jeshi hupuuzwa, kwa kuwa kinachoweza kuwa kinaweza pia kutokuwa. Daktari anayejigamba kuwa amesoma jalada lote lakini asitoe sababu hushindwa na yule aliyesoma kurasa chache akaeleza kwa nini. Mahakama iliweka msimamo huo katika Nieves-Rodriguez dhidi ya Peake, 2008. Mke aliyeeleza kwamba mumewe hukabwa na pumzi usingizini, na tangu lini, husikilizwa. Mke huyohuyo akisema kukabwa huko kumetokana na vumbi la jangwani, sehemu hiyo huwekwa kando, kwa sababu inahitaji elimu ya tiba.

Maamuzi haya hayaifungi Bodi katika kesi yako. Usiyarundike kwenye rufaa kana kwamba ni sheria. Yatumie kujua ni ushahidi wa aina gani uliomshawishi hakimu, kisha ukatafute wa kwako wa aina hiyo.

Hatua ya 5: Ziba pengo

Kama kilichokosekana ni kiungo, unahitaji maoni ya daktari. Yawe na maneno ambayo sheria inayatambua: kwamba ugonjwa "at least as likely as not", yaani kwa uwezekano usiopungua nusu kwa nusu, umetokana na utumishi. Hakuna anayetaka uhakika wa asilimia 100. Mizani ikikaribia kulingana, mwanajeshi hupewa faida ya shaka, na kanuni hiyo ndiyo mgongo wa mfumo mzima. Lakini maneno hayo bila sababu ni muhuri usio na barua. Mpe daktari kumbukumbu za jeshini, ripoti ya mchunguzi wa VA, na barua ya kukataliwa, umwombe aeleze: nini kilitokea, mwili huharibika vipi kutokana na jambo hilo, kwa nini sababu nyingine kama umri au uzito hazitoshi kueleza, na kwa nini hakubaliani na mchunguzi wa kwanza. Kurasa mbili zilizofikiriwa zinatosha.

Kama kilichokosekana ni tukio jeshini, tafuta mashahidi. Mwenzako wa kikosi, ndugu, au jirani aliyekuona uliporudi anaweza kuandika kwenye Fomu 21-10210. Aandike alichokiona kwa macho, lini, wapi, na amejuaje. "Alikuwa na matatizo ya mgongo" haina thamani. "Machi 2009 alibebwa kutoka kwenye lori, na wiki mbili hakuvaa mkoba wa mgongoni" ina thamani. Mama aliye Kisumu anayejua Kiswahili tu aandike kwa Kiswahili, kisha weka tafsiri ya Kiingereza yenye jina na saini ya aliyetafsiri. VA haiwezi kumkataa shahidi wa namna hii kwa hoja moja tu kwamba hakuna karatasi ya hospitali ya wakati ule. Hilo liliamuliwa mwaka 2006, Buchanan dhidi ya Nicholson. Inaweza kumpima na kumwona hana mashiko, ila lazima ieleze.

Kabla ya kuhangaika na kiungo, angalia kama sheria imekwisha kukuwekea. Sheria ya PACT iliyotiwa saini tarehe 10 Agosti 2022 inachukulia kwamba waliotumikia katika maeneo fulani walivuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka, na kwamba magonjwa kadhaa yametokana nao: pumu iliyogunduliwa baada ya utumishi, mafua sugu ya pua, sainasi sugu, bronkaitisi sugu, saratani za aina mbalimbali na mengine. Orodha ya maeneo inatufikia karibu. Somalia, Oman, Bahrain, Qatar, Kuwait, Iraq, Saudi Arabia na Falme za Kiarabu zimo kwa aliyetumikia huko kuanzia tarehe 2 Agosti 1990. Djibouti, Yemen, Misri, Afghanistan na nyingine zimo kuanzia tarehe 11 Septemba 2001. Aliyekaa Camp Lemonnier na sasa ana sainasi sugu hahitaji daktari wa kuthibitisha kwamba moshi ndio sababu. Anahitaji cheti cha kuachishwa, DD-214, au amri ya safari inayoonyesha alikuwa Djibouti, na utambuzi wa ugonjwa. Waliokataliwa kabla ya sheria hiyo hawakusamehewa kuomba upya: walete Dai la Nyongeza.

Hatua ya 6: Chagua njia

Sasa, na si kabla.

Mapitio ya Ngazi ya Juu (Fomu 20-0996) ni ya kosa ambalo tayari linaonekana jaladani. Mwamuzi mwenye uzoefu zaidi anasoma upya ushahidi uleule uliokuwapo siku ya uamuzi. Hasomi kipya hata kama umekibandika kwenye fomu, na hapa ndipo watu huumia: wanaambatisha barua nzuri ya daktari, inakaa jaladani kama mgeni ambaye hakukaribishwa ndani. Weka alama ya kuomba mazungumzo ya simu. Ukipigiwa, usisimulie maisha yako. Taja makosa mawili au matatu, kila moja na tarehe ya waraka na ukurasa. Akiona kwamba VA ilishindwa kutimiza wajibu wake wa kukusaidia, mathalani ilitumia uchunguzi mbovu, atarudisha jalada lirekebishwe. Ukishashindwa hapa, huwezi kuomba mapitio mengine juu ya uamuzi huohuo.

Dai la Nyongeza (Fomu 20-0995) linahitaji ushahidi mpya unaohusika. Mpya ni ule ambao VA haikuwa nao. Unaohusika ni ule unaogusa figa lililokosekana. Kizingiti hiki ni chepesi, na katika njia hii VA inabaki na wajibu wa kukutafutia kumbukumbu na pengine kukufanyia uchunguzi upya. Kwa hospitali binafsi ijazie Fomu 21-4142 ili iruhusiwe kuziomba. Hata hivyo, pale unapoweza, zilete mwenyewe: wajibu wake kwa hospitali binafsi ni kuomba na kukumbusha, basi, na hospitali nyingi hazijibu. Ukiitwa kwenye uchunguzi, nenda. Kutotokea bila sababu ya msingi ndiyo njia fupi kuliko zote ya kukataliwa.

Kwa maoni yetu, mwenye kiungo kilichokosekana na daktari aliye tayari aanze hapa karibu kila mara. VA imejiwekea lengo la wastani wa siku 125 kwa njia hizi mbili. Bodi ni safari ndefu zaidi.

Rufaa kwa Bodi (Fomu 10182) humpeleka mtu mbele ya hakimu, na ndani yake kuna foleni tatu. Foleni ya moja kwa moja haina ushahidi mpya wala kusikilizwa, na ndiyo ya haraka kati ya tatu. Lengo lililowekwa ni siku 365. Foleni ya ushahidi inakupa siku 90 tangu Bodi ipokee fomu kuleta karatasi zako. Foleni ya kusikilizwa inakuruhusu kuzungumza na hakimu, hata kwa video kutoka nyumbani, kisha kuleta ushahidi siku hiyo au ndani ya siku 90 zinazofuata. Dirisha hizo ni za chuma. Karatasi iliyoingia kabla au baada yake haisomwi, na utaona katika maamuzi mengi hakimu akiandika kwamba kuna ushahidi ulioingia wakati usioruhusiwa na hawezi kuugusa. Ikikupata hivyo, hujapoteza kila kitu. Karatasi hizohizo zinaweza kubeba Dai la Nyongeza.

Katika fomu, andika kila suala kwa jina lake na tarehe ya barua iliyoliamua. Weka alama kwenye foleni moja tu. Tia saini. Barua moja yenye masuala manne unaweza kuigawa, mawili kwa Bodi na mawili kwa Dai la Nyongeza, ila suala moja haliwezi kuwa njia mbili kwa wakati mmoja. Aliyefikisha miaka 75, mgonjwa mahututi au aliye katika dhiki kubwa ya fedha anaweza kuomba asogezwe mbele, akionyesha uthibitisho.

Hatua ya 7: Uamuzi wa Bodi ukifika

Likikubaliwa, bado hujaona pesa. Jalada linarudi kwenye ofisi ya mkoa ya VA, nayo inatoa uamuzi wa kulitekeleza: asilimia ngapi, kuanzia tarehe gani. Huo ni uamuzi mpya wenye mwaka wake mpya, na makosa ya tarehe hutokea hapo kuliko kwingine. Linganisha tarehe waliyoiweka na siku ulipoleta dai la kwanza. Kama uliomba ndani ya mwaka mmoja baada ya kuachishwa, inapaswa kuwa siku inayofuata ile ya kuachishwa.

Likirudishwa, neno litakuwa "REMANDED". Soma maagizo yaliyo mwishoni: uchunguzi gani, kumbukumbu zipi, swali gani daktari ajibu. Uwe na nakala yake siku ya uchunguzi. Na hili linawanasa hata wanaojua mambo: katika mfumo mpya, jalada lililorudishwa halipandi lenyewe kurudi Bodi. Ofisi ya mkoa itafanya ilichoagizwa na kutoa barua mpya. Ikiwa ni "hapana" tena, ni juu yako kuchagua njia upya ndani ya mwaka. Mfumo wa zamani ulirudisha jalada kwa hakimu wenyewe, na watu wanaosikiliza ushauri wa wenzao wa miaka ile hukaa wakisubiri simu ambayo haitakuja.

Likikataliwa, una milango miwili mikuu. Dai la Nyongeza lenye ushahidi mpya ndani ya mwaka hutunza tarehe yako. Au Mahakama ya Rufaa ya Marekani kwa Madai ya Wanajeshi wa Zamani, ambayo haiko chini ya VA: siku 120 kutoka tarehe ya uamuzi, ada dola 50 inayoweza kusamehewa kwa asiyejiweza. Mahakama haipokei ushahidi mpya na mara chache humpa mtu fidia moja kwa moja. Inachoangalia ni kama Bodi ilikosea sheria au ilishindwa kutoa sababu za kutosha, na kesi nyingi huishia kwa mawakili wa pande zote kukubaliana jalada lirudi Bodi. Ukishinda, serikali yenyewe inaweza kumlipa wakili wako, ndiyo maana mawakili wengi huchukua kesi hizi bila kukudai chochote. Siku 120 ni fupi kuliko zinavyosikika, hasa kwa aliye nje ya Marekani anayepokea barua kwa posta.

Nani akusaidie

Vyama vya wanajeshi wa zamani kama American Legion, DAV na VFW vina wawakilishi walioidhinishwa na VA, na hawatozi kitu. Unawateua kwa Fomu 21-22. Wakili au wakala aliyeidhinishwa huteuliwa kwa Fomu 21-22a, na anaruhusiwa kutoza baada tu ya uamuzi wa kwanza kutolewa. Asilimia 20 ya malimbikizo huhesabiwa kuwa ya haki, na zaidi ya theluthi moja huhesabiwa kuwa si ya haki. Anayekutoza kwa kuandaa dai la kwanza, au anayetaka sehemu ya malipo yako ya kila mwezi ya baadaye, ni wa kuepukwa. VA ina orodha mtandaoni ya walioidhinishwa; tafuta jina kabla ya kusaini.

Mkata rufaa akifariki kabla ya jibu

Rufaa haizikwi naye. Mjane, mtoto anayestahili au mzazi tegemezi anaweza kuingia mahali pake kwa Fomu 21P-0847 ndani ya mwaka mmoja tangu kifo, na kesi ikaendelea kutoka ilipofikia, na foleni yake ileile. Asiyejaza fomu hiyo kwa wakati hulazimika kuanza na madai yake mwenyewe ya mjane au ya yatima, ambayo ni jambo jingine. Familia nyingi zilizoko Afrika Mashariki hazijui kama kuna jalada lililo wazi, kwa hiyo namba ya jalada na nakala ya barua ya mwisho ziwekwe mahali ambapo mke au mtoto anapajua.